Kampuni Yataka Niifute Makala ya Zamani: Niifute au Niiache?

Swali

Mhariri, assalam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Kisauni. Mwaka 2017 niliagiza gari dogo lililotumika kutoka Japani, na kwa kuwa sikuwa na ujuzi wowote wa mambo ya forodha, niliipa kazi kampuni moja ya mawakala wa forodha hapa Mombasa initolee gari hilo bandarini. Niliambiwa siku 10. Gari lilitoka baada ya wiki saba, na muda wote huo gharama za kuliweka zilikuwa zikipanda, hadi nikalipa Sh86,000 ambazo hazikuwamo katika makubaliano yetu. Isitoshe, karani mmoja wa kampuni hiyo aliniomba Sh5,000 “za kusukuma faili”, nikampa, na risiti sikupewa.

Kwa uchungu niliokuwa nao nilikesha usiku mmoja nikaandika kisa chote katika blogu yangu. Niliweka picha za risiti na za barua, nikaitaja kampuni kwa jina na yule karani kwa majina yake mawili, na juu ya yote nikaweka kichwa: “Wezi wa Bandarini”. Watu wengi waliisoma, na mpaka leo mtu akilitafuta jina la kampuni hiyo kwenye intaneti, makala yangu ni miongoni mwa yanayojitokeza mwanzo.

Mwezi uliopita nilipata barua ya meneja, nayo ni barua ya adabu. Anasema kampuni iliuzwa mwaka 2021 na wenye mali sasa ni wengine, karani yule aliondoka zamani, na siku hizi kila mteja hupewa hesabu ya gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Anaomba niifute makala, na kampuni iko tayari kunirudishia zile Sh86,000 “kama ishara ya nia njema” mara tu itakapoondolewa. Mstari wa mwisho unasema kwamba jambo hili lisipomalizika kwa wema, litakabidhiwa wakili.

Mume wangu ananiambia niifute nipate kulala. Kaka yangu anasema nikiifuta nitakuwa nimenunuliwa. Mimi mwenyewe nimeisoma upya, na neno moja limenikwama kooni, hilo “wezi”. Nifanyeje?

Mwalimu, Kisauni

Jibu

Waaleikum salaam, Mwalimu. Ulituambatishia nakala ya makala yenyewe pamoja na risiti, na nimezisoma zote mara mbili kabla ya kushika kalamu. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usiifute, lakini pia usiiache ilivyo. Na hilo neno lililokukwama ndilo tutakaloanza nalo.

Makala yako imesuka pamoja maneno ya aina tatu kama ukili wa mkeka, na kabla ya kuamua lolote yakupasa uyafumue. Mna uliyoyaona, yaani tarehe gari liliposhushwa, tarehe lilipotoka, kiasi ulicholipa na barua ulizoandika bila kujibiwa. Mna uliyoyafikiri, kwamba kampuni ilizembea na kwamba usingemshauri mwenzako kuitumia. Kisha mna ulilowaita.

Uliyoyaona yana risiti, na gari lililokaa siku 49 mwaka 2017 limekaa siku 49, awe mwenye kampuni ni nani leo. Uliyoyafikiri ni maoni ya mteja aliyelipa fedha zake, na msomaji mwenye akili huyapokea kama maoni. Lakini wizi ni kosa la jinai. Hakuna mahakama iliyolithibitisha, na, samahani kwa kusema hivi, hata risiti zako mwenyewe hazilithibitishi. Nilizitazama kwa makini. Zile Sh86,000 zililipwa kwa wenye yadi ambako gari lilikuwa limewekwa. Hazikuingia katika kampuni uliyoilaumu. Kampuni ilikutia hasarani kwa uzembe wake, na hilo ni jambo zito kwa mtu wa mshahara wa mwalimu, lakini mzembe na mwizi ni watu wawili. Zinabaki Sh5,000 za karani, ambazo hazina risiti, na ambazo hata zingethibitika zingekuwa za mtu mmoja. Kwa hiyo kichwa cha makala yako kinadai zaidi ya kile ambacho makala yenyewe inaonyesha. Kama ningekuwa wakili wa kampuni, ningeachana na mwili mzima wa makala nikashika kichwa hicho peke yake.

Tuitazame sheria, kwa kuwa meneja amekwisha kulitaja neno wakili. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakupa uhuru wa kujieleza, na kifungu hicho hicho kinakutaka uheshimu haki na hadhi ya wengine unapoutumia uhuru huo. Kifungu ambacho watu hukisahau ni cha 35, sehemu ya pili, kinachompa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Na Kifungu cha 260 kinaeleza kwamba neno “mtu” linajumuisha kampuni. Utaona kwamba Katiba imetaja kusahihisha kwanza, kisha kufuta. Sitaki kujenga nyumba juu ya mpangilio wa maneno mawili, lakini mpangilio huo unakubaliana na ninavyoliona jambo lenyewe. La muhimu zaidi ni kwamba haki hiyo ni juu ya habari zisizo za kweli au za kupotosha. Habari ya kweli inayomuudhi mtu haimo humo.

Kesi za kuchafuliwa jina huongozwa na Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inayotambua utetezi wa ukweli na utetezi wa maoni ya haki juu ya jambo linalogusa umma. Huduma ya kampuni inayochukua kazi kwa mteja yeyote anayeingia mlangoni ni jambo linalogusa umma, na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa. Ukisimama juu ya uliyoyaona na uliyoyafikiri, una pa kusimama. Ukisimama juu ya “wezi”, itakubidi uuthibitishe wizi.

Je, muda haujapita? Sheria inayoweka muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inatoa miezi 12 tu kwa kesi ya kashfa, na wengi husikia hivyo wakatulia. Mimi nisingetulia sana. Mwaka 1830 gazeti moja la London lilimwandika vibaya Duke wa Brunswick, mtawala wa Kijerumani aliyepinduliwa mwaka huo huo. Miaka 17 ikapita, kisha bwana huyo akamtuma mtumishi wake akanunue nakala kuukuu ya gazeti hilo, na mwaka 1849 mahakama ya Uingereza ikaamua kwamba kumuuzia mtumishi nakala ile moja kulikuwa ni kuchapisha upya, hivyo muda wa kushtaki ukaanza kuhesabiwa tena. Waingereza wenyewe waliibadilisha kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 2013, lakini sheria yetu ya kashfa imetokana na mizizi hiyo ya zamani, na wakili mjanja anaweza kudai kwamba kila anayeifungua makala yako leo ni yule mtumishi wa Duke. Sisemi kwamba atashinda. Ninasema usilale usingizi mzito kwa kutegemea kalenda peke yake.

Upande wa jinai hali imekuwa ikipanda na kushuka. Februari 2017, mwaka ule ule ulioandika, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la kumpeleka mtu jela, kinakiuka Katiba. Mei 2018 ikatiwa saini sheria ya uhalifu wa mitandao, iliyoweka faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa anayechapisha kwa kujua habari za uongo zinazoelekea kumvunjia mtu jina. Chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, kilikwenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaviruhusu vitumike. Ubishi juu ya sheria hiyo haukuishia hapo, kwa hiyo hali yake ya leo muulize wakili aliye karibu nawe kabla ya kumjibu meneja. Lakini liangalie sharti lenyewe, kwamba mtu achapishe uongo hali anajua ni uongo. Siku zako 49 si uongo. Neno “wezi”, ambalo sasa wewe mwenyewe umekiri kulitilia shaka, ukiliacha kwa makusudi baada ya kulitilia shaka, linaanza kuwa jambo jingine.

Sheria imenichukulia nafasi kubwa kuliko nilivyokusudia, na kwangu mimi siyo kiini. Kiini ni msomaji wa leo.

Zamani jambo hili lisingekusumbua. Mtu aliyekasirishwa na kampuni aliandika barua kwa mhariri, gazeti likatoka, watu wakalisoma vibarazani Mji wa Kale, na baada ya siku tatu karatasi ile ile ilikuwa imefungiwa bajia Mwembe Tayari. Aliyetaka kuisoma tena miaka saba baadaye ilimlazimu aende maktaba akafunue majalada, na huko angeiona tarehe juu ya ukurasa kabla hajaiona habari yenyewe. Intaneti imeyageuza haya. Mtu aliyeko Voi anayetafuta wakala wa kumtolea gari huandika jina la kampuni kwenye simu, na kisa chako cha mwaka 2017 kinamtokea kando ya bei za wiki hii, kana kwamba vyote viwili vimeandikwa na mkono mmoja siku moja. Hapo ndipo malalamiko ya meneja yana uzito, na nadhani ni hapo tu. Makala yako haisemi uongo juu ya mwaka 2017. Inachokosa ni kumwambia msomaji waziwazi kwamba inasema juu ya mwaka 2017. Tarehe uliyoiweka ni ndogo, iko chini kabisa, baada ya picha ya risiti ya mwisho. Mimi niliipata kwa kuitafuta.

Na huyo mtu wa Voi anastahili kukijua kisa chako. Akisoma kwamba mteja alikaa wiki saba na kwamba gharama za yadi zilipanda kila siku, atajua la kuuliza kabla ya kutia sahihi: gharama za kuliweka gari zikizidi, nani atalipa? Swali hilo linafaa kwa kampuni yoyote, ya zamani au mpya. Ukiifuta makala, kampuni itapata nafuu kidogo, na watu usiowajua watapoteza somo ambalo wewe ulililipia Sh86,000.

Sasa hoja ya wenye mali wapya. Usiikubali wala kuikataa kwa kusikia tu, kwa sababu inaweza kuangaliwa. Kwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mtu yeyote anaweza kuomba kwa msajili wa kampuni hati inayoitwa CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Leseni za mawakala wa forodha nazo hutolewa na mamlaka ya kodi, KRA, kwa mwaka mmoja mmoja, na orodha ya walio na leseni hutangazwa. Kama hati itaonyesha kwamba majina yamebadilika kweli, liandike hilo, kwani ni habari ya kweli inayomfaa msomaji. Lakini wenye mali wapya wasikuambie kwamba ya nyuma hayawahusu hata kidogo. Kama wangetaka kuanza upya, wangesajili jina jipya. Walilinunua jina la zamani kwa sababu lilikuwa na wateja na sifa, na anayenunua jahazi hulinunua pamoja na matobo yake. Akiyaziba, nasi tutasema ameyaziba.

Kuhusu karani, rai yangu ni nyingine kabisa. Jina lake liondoe leo, kabla hata hujamjibu meneja. Kampuni ina meneja wa kuandika barua na wakili wa kuzituma, karani hana. Alikuwa mtu wa mshahara, kosa unalomtuhumu halina ushahidi zaidi ya neno lako, hukumpa nafasi ya kujieleza, na sasa kila anayetafuta jina lake, awe mwajiri, mkwe au mtoto wake mwenyewe, anakutana na neno “mwizi”. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu binafsi haki ya kuomba habari zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe, ingawa inaacha nafasi kwa kazi ya uandishi wa habari, na mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilipoamua mwaka 2014 kwamba Google inaweza kutakiwa kuacha kuonyesha habari zilizopitwa na wakati, uamuzi ulihusu mtu binafsi aliyekuwa akifuatwa na deni la zamani. Lakini hata sheria hizo zisingekuwapo, ningekuambia hivyo hivyo. Andika “karani mmoja”. Kisa chako hakipungukiwi na kitu.

Nije kwenye fedha, ambako mumeo na kaka yako wanavutana. Kaka yako ana haki nusu. Anayelipwa ili anyamaze ameuza kitu, hata kama fedha zenyewe ni zake. Lakini anakosea anapodhani kwamba kuzipokea Sh86,000 kwa namna yoyote ile ni kununuliwa. Kama kampuni inaamini kwamba uzembe wake ulikutia hasara, basi ina deni kwako, na deni halina uhusiano na makala. Lilikuwapo kabla hujaandika neno la kwanza. Mwandikie meneja kwamba uko tayari kupokea marejesho kwa hati inayosema ni marejesho ya gharama za mwaka 2017, bila sharti lolote juu ya makala. Akikubali, pokea, na uandike kwenye makala kwamba umerejeshewa, kwa kuwa hilo litamsaidia kuliko kufutwa. Akisema hapana, basi umejua kwamba ile “ishara ya nia njema” ilikuwa bei. Na usitie sahihi karatasi yoyote inayokukataza kusimulia kisa chako mbele ya watu, hata kama imeandikwa kwa Kiingereza cha kupendeza.

Mumeo naye usimbeze. Anaogopa kesi, na kesi ni ghali hata kwa anayeshinda. Huko Uingereza kampuni ya McDonald's iliwashtaki watu wawili wasio na uwezo kwa sababu ya kijikaratasi walichokigawa. Kesi ilisikilizwa kwa siku 313, hukumu ikatolewa mwaka 1997, wakaamriwa kulipa pauni 60,000 zilizopunguzwa baadaye kuwa 40,000, na ilipofika mwaka 2005 ndipo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoamua kwamba hawakutendewa haki kwa kunyimwa msaada wa kisheria. Kampuni ile kubwa ilichekwa dunia nzima, ni kweli, lakini wale wawili walikula miaka yao mahakamani. Mwambie mumeo kwamba hofu yake ina dawa, na dawa ni kuondoa kile usichoweza kukitetea, ili kitakachobaki kisimpe wakili pa kushika.

Huenda utasikia pia kwamba kufuta hakusaidii kampuni kwa sababu kitu cha intaneti hakifutiki. Ni kweli kwa kiasi. Internet Archive, shirika lililoanza kazi Marekani mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa nyingi, na huenda yako imo. Watu hupenda kutaja pia kisa cha mwimbaji Barbra Streisand, aliyeshtaki mwaka 2003 ili picha ya nyumba yake iondolewe. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imechukuliwa mara 6, na katika mwezi uliofuata watu zaidi ya 400,000 waliitembelea. Kisa hicho kimetumika mno, na sidhani kinakuhusu. Kampuni ndogo ya Mombasa ikifutiwa makala haitaamsha watu laki nne. Ukiifuta, kitakachotokea ni kimya, na ndiyo sababu nakuomba uamue kwa kupima haki ya kila mmoja, usiamue kwa kutarajia kelele.

Fanya hivi, basi. Kwanza piga picha ya makala ilivyo sasa, uihifadhi pamoja na risiti zako zote, kwa sababu siku ya ubishi utatakiwa uonyeshe kilichokuwapo. Badilisha kichwa, “Wiki Saba za Kungoja Gari Bandarini” kinatosha, na kwa maoni yangu kinauma zaidi. Ondoa jina la karani. Usibadilishe tarehe ya awali wala kuitoa makala kana kwamba ni mpya. Usirekebishe kimyakimya pia. Juu kabisa, kabla ya sentensi ya kwanza, weka maelezo kama haya:

“Makala hii niliiandika mwaka 2017 kuhusu gari nililoagiza mwaka huo huo. Kichwa chake cha awali kiliwaita wahusika wezi. Nimekiondoa kwa kuwa sina ushahidi wa wizi. Nimeondoa pia jina la karani. Tarehe, kiasi cha fedha na risiti ni zile zile. Kampuni imeniarifu kwamba wamiliki walibadilika mwaka 2021 na kwamba sasa wateja hupewa hesabu ya gharama kwa maandishi. Mimi sijaitumia tena tangu wakati huo. Majibu ya kampuni yako hapa chini.”

Njia hii ya kuweka maelezo badala ya kufuta siyo ubunifu wangu. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la gazeti la The Times la London, ilikubali kwamba hifadhi za magazeti kwenye intaneti zina faida kubwa kwa jamii, na papo hapo ikaona si kosa kulitaka gazeti liweke ilani juu ya makala ya zamani inayobishaniwa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini ninauona una busara.

Baada ya hapo mjibu meneja kwa maandishi, usimpigie simu. Mweleze ulichobadilisha na sababu zake, mwombe akuletee majibu ya kampuni yasiyozidi maneno 200, na umwahidi kwamba utayaweka kama yalivyo, bila kuyakata wala kuyatia maneno yako. Ukipata majibu yanayokuchoma, yaweke vivyo hivyo. Kama wakati wa kuzipitia hati utagundua kwamba jambo lolote ulilolisema halikuwa hivyo, kwa mfano kwamba barua zako zilijibiwa zikakupotea, liseme kabla hawajalisema wao. Na ikitokea kwamba msingi wenyewe wa kisa haukuwa kweli, hapo ningekuambia uifute yote, uache mahali pake mistari miwili ya kueleza kwa nini. Kwa risiti nilizoziona, hujafika huko.

Swali

Mhariri, mimi niko upande wa pili wa ukuta. Nina karakana ya kutengeneza majokofu hapa Majengo. Mwaka 2019 mteja aliandika kwenye intaneti kwamba tulimtoza bei ya kompresa mpya tukamtilia iliyotumika. Ni kweli. Fundi wangu ndiye aliyefanya, mimi nilijua baadaye, nikamwachisha kazi. Lakini mteja sikumrudia kwa aibu. Mpaka leo watu wananitajia jambo hilo. Nimemwandalia fomu ya kutia sahihi kwamba anakubali kuifuta, na rafiki yangu ananishauri niwalipe vijana waandike sifa nzuri nyingi ili ile ya kwake izame chini. Unasemaje?

Fundi, Majengo

Jibu

Ndugu yangu Fundi, wewe mwenyewe umekwisha kuandika kwamba ni kweli, kwa hiyo huna la kudai. Una la kuomba, na kabla ya kuomba una la kulipa.

Ushauri wa rafiki yako uache kabisa. Sifa za kununua hujulikana. Zote huja wiki moja, zote husema “huduma safi sana”, na hakuna hata moja inayotaja jokofu lilikuwa na ubovu gani. Mteja wako akiziona ataandika ya pili, na ya pili itahusu uongo wako wewe, siyo wa fundi uliyemwachisha.

Fomu nayo ichane. Mtu uliyemdhulumu miaka mingi iliyopita ukimwendea na karatasi ya kutia sahihi, ataona umekuja kwa ajili ya jina lako, naye hatakuwa amekosea. Mtafute, umweleze ulichojua na lini ulikijua, na usimwekee fundi lawama yote kwa kuwa duka ni lako na faida ya kompresa ile iliingia mfukoni mwako. Mrudishie tofauti ya bei. Kama jokofu bado analo, mpe kompresa mpya kwa gharama yako, na dhamana ya maandishi. Uzito wa jambo uko hapo, na mengine ni madogo.

Akiridhika, usimwombe afute. Mwombe, kama ataona sawa, aongeze mstari mmoja chini ya yale aliyoyaandika, wa kueleza kilichofuata. Anayetafuta karakana atasoma kwamba mwaka 2019 ulitengeneza vibaya na kwamba baadaye ulirudi ukarekebisha, na mimi binafsi ningempelekea jokofu langu fundi wa namna hiyo kabla ya yule asiyeandikwa chochote. Akikataa kuongeza neno, mshukuru uende zako, na kompresa mwachie.